Dakika Tisini za Shati

Wengi wanaokuja karakanani kwetu Temeke kuulizia namna ya kuanzisha chapa ya mavazi inayojali watu na mazingira huwa wameshapata jina, nembo, hata rangi ya mifuko. Mimi huwauliza kitu kimoja kwanza: shati lako linachukua dakika ngapi mpaka liishe? Wengine hunitazama kama nimekwepa swali lao. Lakini sina mlango mwingine wa kuwaingizia. Ukijua dakika, utajua fundi anastahili nini. Ukijua anachostahili, utaijua bei, na bei ndiyo itakayokuambia kama mema unayotaka kuyaandika kwenye lebo unaweza kuyatimiza.

Hesabu ya dakika nilijifunza kiwandani. Kabla ya kuwa na chapa nilikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo za kupeleka nje. Nilikaa kwenye laini ya mashati, kazi yangu kuunga mikono. Shati zima sikuwahi kulishona pale. Nilishona mikono, siku nenda siku rudi, na nyuma yangu alipita msimamizi mwenye saa ya kubonyeza. Ubaoni kulikuwa na tageti ya kila saa. Ukiifikia leo, kesho inapanda. Kiwanda kilijua kila mshono unakula sekunde ngapi, na ujuzi wote huo ulitumika kutubana sisi.

Nilikuwa bado kazini pale habari za Rana Plaza zilipotufikia. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa lililokuwa na viwanda vya nguo huko Savar, jirani na jiji la Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifunga, lakini washonaji wa juu waliambiwa warudi kwenye mashine. Tuliziongea habari hizo wakati wa chakula, na hakuna aliyehitaji kuelezewa kwa nini watu walipanda ngazi za jengo lenye ufa. Tulijua oda ikichelewa inakuwaje. Kwenye kifusi ziliokotwa lebo za maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, na nilichokiwaza usiku ule, mpaka leo nakiwaza, ni kwamba bei ya nguo zile dukani ilikuwa imeshapangwa kabla hajaulizwa mtu yeyote kama jengo lina usalama. Usalama wa mshonaji ulitakiwa upatikane kwenye chenji iliyobaki.

Basi nilipoanza na cherehani zangu za kwanza, niliamua bei yetu itaanza kupangwa kwa fundi. Nitaiweka hesabu hapa wazi, kwa namba za mfano, kwa sababu nimeona vijana wenye nia njema kabisa wakikwama hapa, wakabaki kusema wanawalipa mafundi "vizuri" bila kujua vizuri ni shilingi ngapi.

Chukua fundi anayelipwa 400,000 kwa mwezi. Michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, kwa hiyo ongeza asilimia 10 ya mwajiri: gharama inafika 440,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama saa 195. Lakini hakuna binadamu anayeshona saa 195. Kuna kubadilisha uzi, kusubiri vipande kutoka kwenye meza ya kukatia, kuipaka mashine mafuta, kunywa chai, kwenda kuswali, umeme kukatika. Wewe hesabu theluthi mbili, yaani saa 130, ambazo ni dakika 7,800. Gawa 440,000 kwa 7,800. Unapata kama shilingi 56 kwa dakika. Shati la mikono mirefu lenye kola iliyosimama, mfuko mmoja, na mishono iliyofungwa kwa ndani, kwetu linakula kama dakika 90 kuanzia kukata hadi pasi. Kazi ya mikono ya watu katika shati hilo, basi, ni kama shilingi 5,100.

Sasa mpandishie fundi huyo mshahara hadi 500,000 na urudie hesabu ileile. Kazi katika shati inakuwa kama shilingi 6,350. Fundi ameongezewa laki moja kwa mwezi, na shati limepanda kwa kiasi kisichofika shilingi 1,300.

Siku nilipoiona namba hiyo daftarini nilirudia kugawa mara kadhaa, nikidhani kuna sifuri imeniponyoka. Wakati ule nilikuwa nasikia kila kona kwamba ukiwalipa mafundi vya kutosha wateja watakimbia. Mteja anayenunua shati la 55,000 hakimbizwi na 1,300. Anakimbizwa na kola inayojikunja baada ya kufuliwa mara mbili. Pesa nyingi katika shati inakwenda kwenye kitambaa, pango, picha, na mali isiyouzika inayolala stoo. Ukitaka kupunguza gharama, anzia huko kwenye mali inayolala. Sisi hatushoni rundo la saizi zote tukaomba Mungu wateja waje. Tunashona chache, tunaangalia saizi ipi inakwenda, ndipo tunaongeza. Kitambaa kisichokatwa bado ni pesa. Kikishakatwa saizi isiyo na mtu, kimekufa.

Kuipeleka saa ya kubonyeza mbele ya mafundi, hilo lilitaka ustahimilivu. Wengi wao walishapitia viwandani kama mimi. Mama mmoja anayeshona kola, mtu mzima aliyenizidi kwa mbali, aliiona saa mkononi mwangu akanyamaza mpaka jioni. Wenzake walipoondoka akaniita.

"Mwanangu, hiyo saa ni ya kutukimbiza?"

"Hapana, mama. Ni ya kunionyesha mimi nikulipe kiasi gani."

"Basi nipe niishike mwenyewe."

Nikampa. Kuanzia kesho yake alijipima mwenyewe, akaandika kwa penseli pembeni ya meza. Kilichokuwa kinamla muda kilikuwa pasi. Ilikuwa upande wa pili wa chumba, na kola inapigwa pasi zaidi ya mara moja kabla ya kufika shingoni: ukishaibandika kitambaa kigumu, ukishaigeuza, na tena kabla ya kuishonea kwenye shati. Kila mara anainuka, anapita kati ya mashine, anasubiri anayepiga pasi mikono amalize. Tulinunua pasi ya pili tukaiweka kiwiko chake kinapofika. Hakuna aliyeongezewa kasi, na kola zikaanza kutoka mapema. Tangu hapo vipimo vyote karakanani vinafanywa na fundi mwenyewe, na karatasi ya vipimo imebandikwa ukutani kila mtu anaisoma, pamoja na hesabu ya bei. Fundi anayejua shati linauzwa ngapi na pesa inakwenda wapi hahitaji kusimamiwa.

Kuhusu kulipa kwa kipande au kwa mwezi, nina msimamo. Mafundi wengi wa Dar wamezoea kipande, na wapo wanaokipenda kwa sababu kinawaachia uhuru wa kushona na za wateja wao. Sibishani nao. Lakini kwenye malipo ya kipande umeme ukikatika anayelala njaa ni fundi, na kitambaa kikichelewa kutoka Kariakoo anayelala njaa ni huyohuyo. Mambo hayo ni ya mwenye biashara kuyapanga, kwa hiyo hasara yake iwe ya mwenye biashara. Tulipokwenda kwenye mshahara wa mwezi, haraka sana nikajikuta natafuta cherehani za kukanyaga kwa ajili ya siku za giza, kitu ambacho kama ningekuwa nalipa kwa kipande nisingekifikiria. Na kuna uzazi. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama amejifungua mapacha. Chapa yenye mafundi wengi wanawake inabidi iweke akiba ya likizo hizo kila mwezi, kama inavyoweka ya pango, la sivyo siku ya siku bosi anaanza kumtafutia dada wa watu sababu.

Kitambaa ndipo panapouma zaidi.

Pamba tunayo. Inalimwa kanda ya magharibi, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora, Mara, na Simiyu ndiyo inayoongoza. Inapandwa mvua za Novemba na Desemba, inaanza kuvunwa kuelekea katikati ya mwaka, na inategemea mvua tupu, bila ya mito kuhamishwa kwenda mashambani kama inavyofanyika kwingine duniani. Wilayani Meatu kuna wakulima wanaolima pamba ya kilimo hai, bila mbolea na dawa za viwandani, tangu miaka ya 1990. Pamba mbegu ikishafika kiwanda cha kuchambua, katika kilo tatu unapata takribani kilo moja ya pamba nyuzi. Zinazobaki ni mbegu zinazokamuliwa mafuta ya kula, na mashudu yanakwenda kwa ng'ombe. Mpaka hapo kila kitu kipo nyumbani. Halafu sehemu kubwa ya ile pamba nyuzi inafungwa marobota na kusafirishwa nje ya nchi, na sisi tunakwenda Mtaa wa Uhuru kununua kitambaa kilichofumwa Asia.

Haikuwa hivyo siku zote. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Wazee wa Temeke bado wanayataja mashuka ya Urafiki kwa heshima. Soko lilipofunguliwa, vingi vya viwanda vya umma vikadhoofika, vingine vikauzwa, vingine vikafungwa kabisa. Vilivyopo leo, Arusha, Morogoro na hapa Dar, vinafuma na kuchapa, lakini vimejipanga kwa kanga, vitenge, mashuka na vitambaa vya sare, na vinapenda mteja wa mzigo mkubwa. Mbunifu mdogo akienda peke yake na shida yake ya mita mia mbili za pamba nyeupe isiyo na maua, anaonekana msumbufu.

Njia tuliyoipata ni kuchanga oda. Tupo wabunifu kadhaa, tunashindana sokoni, lakini kitambaa cha msingi tunanunua pamoja: pamba nyeupe ya uzito mmoja, kila mtu anakwenda kuipaka rangi na kuikata anavyojua. Inataka uaminifu, maana mmoja akichelewesha mchango wake wote tunasimama. Bado inatupa kitu ambacho pesa ya mmoja haiwezi kununua, yaani kujua kitambaa kimefumwa wapi.

Jora likifika halikatwi siku hiyo. Tunatoa mita moja, tunaichora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa uzi, halafu tunaifua kama inavyofuliwa majumbani kwetu: beseni, sabuni ya unga, kufikicha, kukamua kwa nguvu, kamba, jua la saa saba. Mara tatu. Kisha tunapima ule mraba. Pamba ya kawaida itarudi kidogo kwa urefu na kidogo zaidi au pungufu kwa upana, na pateni inabidi ijue hilo kabla mkasi haujafunguliwa. Kama ni cha rangi, tunachukua kitambaa cheupe kilicholowa, tunakisugua juu yake, tunaangalia kama kinachuja. Kuna vitenge vinavyong'aa dukani kwa ajili ya wanga tu. Ukiosha wanga ukaondoka, unabaki na kitu chepesi kama chandarua. Mteja aliyekinunua atakiacha ndani ya mwezi, na nguo inayoachwa ndani ya mwezi ni takataka hata kama ilishonwa kwa upendo wote wa dunia.

Neno "hai" au "asilia" silitundiki kwenye lebo. Ili nguo iitwe ya pamba hai kwa haki, kila hatua inatakiwa iwe na cheti: shamba, kuchambua, kusokota, kufuma, kupaka rangi, kushona. Mnyororo wote huo sina. Kwa hiyo tunaandika tunachokijua. Kama kitambaa kilifumwa Morogoro, tunaandika Morogoro. Kama ni mabaki ya jora tuliyoyaokota Kariakoo na muuzaji mwenyewe hajui yametoka wapi, tunaandika mabaki ya jora, basi. Kuna mnunuzi wa nje aliyetaka tuandike zaidi ya hapo kwa sababu maneno hayo yanauza. Tulimkosa. Nililala vizuri.

Rangi nazo zina siri watu hawapendi kuzisema. Batiki inapendwa na wageni na inaitwa ya asili kwa sababu inafanywa kwa mikono. Lakini kwenye ndoo ya batiki kuna rangi za viwandani, kuna kostiki soda, kuna kemikali nyingine ya kuifanya rangi iyeyuke, na mama anayeichovya mara nyingi hana glovu. Maji yakishatumika yanamwagwa mtaroni. Dar hii watu wengi wanatumia visima, na mitaro yetu inajulikana inapoelekea. Anayekaa karibu na Bonde la Msimbazi ananielewa. Tunachofanya si kikubwa. Glovu ndefu za mpira ni lazima, na anayechovya anachovya nje, penye hewa. Nta inayozuia rangi kwenye michoro tunaichemsha itoke kitambaani, maji yakipoa inaganda juu, tunaikusanya na kuitumia tena. Maji ya rangi hatuyamwagi siku hiyohiyo: tunachovya mizigo kuanzia rangi hafifu kwenda rangi nzito ili ndoo moja ifanye kazi zaidi, na yanayobaki tunayapunguza ukali kwa siki na kuyaacha yatue kabla ya kumwaga ya juu. Najua hiyo si mtambo wa kusafisha maji. Ndiyo sababu nguo nyingi zetu ni nyeupe, maziwa, au rangi moja, na kwa hilo wapo wanaosema nguo zetu zimepooza.

Rangi za mimea tunazo kidogo. Maganda ya vitunguu kutoka kwa kina mama lishe, yakichemshwa na kitambaa kilichotangulia kulowekwa kwenye shabu, yanatoa rangi ya dhahabu inayodumu vizuri. Binzari inatoa njano ya kuvutia kuliko zote na jua la Dar linaila upesi. Mteja anaambiwa hivyo kabla hajalipa.

Nimefika kwenye mitumba, na hapa natofautiana na wabunifu wenzangu wengi. Wao wakiongea mitumba wanaongea adui. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, ili viwanda vya nyumbani vipate pumzi. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani walilalamika, Marekani ikatishia fursa za AGOA, sheria yake inayoziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa huko bila ushuru, na nchi zikarudi nyuma mojamoja isipokuwa Rwanda, iliyokuwa imeshapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Julai 2018 Rwanda ikasimamishiwa fursa ya kuingiza nguo Marekani bila ushuru. Nilikuwa upande wa Rwanda moyoni, na bado nipo. Lakini mimi mwenyewe nimevaa mitumba tangu utoto, mama yangu alinivalisha ya soko la Karume, na sitasimama leo na shati la 55,000 kumwambia mama wa Mbagala mwenye watoto wanne kwamba amekosea kununua la 3,000.

Zaidi ya hapo, mitumba ndiyo shule yangu ya uimara. Fikiria shati lililovaliwa na mtu Ujerumani miaka kadhaa, likatupwa, likabanwa kwenye belo, likavuka bahari, likafunguliwa Ilala, na bado limesimama. Linajua kitu. Mimi huenda sokoni asubuhi belo linapofunguliwa, nageuza mashati ndani nje. Nayanunua yaliyozeeka kabisa yakiwa bado mazima, nayafumua mezani. Ndani yake unakuta mambo yanayojirudia: mishono ya ubavuni ambayo pindo mbili zimekunjwa moja ndani ya nyingine na kupigwa mistari miwili, hakuna ncha ya kitambaa inayoonekana, pembe za mfuko zimekazwa kwa kushona pembetatu ndogo, kifungo kina shingo ya uzi ili kisivute kitambaa, na vifungo viwili vya akiba vimeshonewa chini kabisa. Na yaliyokufa mapema nayo yanafanana. Kitambaa chenye mpira wa kuvutika kimelegea kama ngozi ya kizee. Mchanganyiko wa plastiki umeota vitonge. Overloki peke yake, ule mshono wa kuzungushia ncha, imefumuka kwapani. Kila kipengele katika shati letu kinachochukua dakika nyingi kiliingia kutokana na meza hiyo ya kufumua. Mshono wa kukunja ubavuni unaongeza muda ukilinganisha na overloki, na tunaulipia.

Kuna uwanja mmoja ambao naamini wabunifu wa Tanzania tungeweza kupunguza takataka nyingi kuliko kwa kampeni yoyote, nao ni sare za shughuli. Send-off ina sare, harusi ina sare, kitchen party ina sare, arobaini nayo siku hizi inatafutiwa rangi. Mtu mwenye ndugu wengi na marafiki anaweza kushona nguo kadhaa kwa mwaka ambazo kila moja inavaliwa jioni moja, kwa kitambaa cha kumeta kisichopitisha hewa, halafu inaning'inia. Kamati zikija kwetu, siwakatalii shughuli yao. Sherehe ni heshima na sare ni umoja. Ila nakaa na mama mwenyekiti na kumuuliza kila mwanakamati anafanya kazi wapi. Walimu, wauguzi, wa benki, wa dukani. Halafu namwonyesha mshono wa vipande viwili, blauzi na sketi, kwa pamba ya rangi yao. Jioni ya shughuli inavaliwa pamoja na mkufu na kilemba na inapendeza. Jumatatu blauzi inakwenda kazini na suruali. Kuna kamati moja iliyobishana kwa saa nzima mbele yangu, mpaka shangazi wa bibi harusi alipouliza nani kati yao bado anaivaa sare ya shughuli iliyopita. Hakuna mkono uliopanda. Wakachukua vipande viwili.

Oda za namna hiyo ndizo zilizotubeba kifedha miaka ya mwanzo, pamoja na sare za ofisi. Maduka ya mjini yalitaka mali kauli: acha nguo, zikiuzwa utalipwa. Duka moja lilikaa na mzigo wetu na pesa yetu kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, huku wenye mshahara wakiwa wanangoja mwisho wa mwezi uleule usiosogezwa. Sasa kanuni ni fupi. Hatutoi mali kauli kwa kiasi kinachozidi mali ambayo tukiipoteza mishahara ya mwezi huo bado inalipika. Na oda ya sare haianzi kukatwa bila nusu ya malipo, hata kama mwenyekiti ni jirani.

Jambo la mwisho tuliloliongeza ni meza ya marekebisho siku za Jumamosi. Ilianza kwa ajili ya mashati yetu: ukinunua kwetu, likichanika au likikubana, lirudishe. Ndani ya mkunjo wa mishono ya ubavuni tunaacha kitambaa cha ziada ili liweze kuachiwa mtu akinenepa, kitu kilichokuwa kawaida kwa mafundi wa zamani na kikasahauliwa kwa ajili ya kubana matumizi. Majirani wakaanza kuuliza kama tunapokea na nguo nyingine. Tukasema tunapokea. Sasa yanakuja magauni ya mitumba ya kupunguzwa mabega, suruali za kubadilishwa zipu, mashuka ya Urafiki ya kutiwa viraka. Kiraka cha kawaida ni shilingi 2,000, na fundi wa meza hiyo yumo kwenye mshahara uleule wa wenzake wanaoshona mapya. Kwa wengi wa mtaani kwetu hiyo ndiyo huduma pekee ya chapa hii wanayoimudu, na ndiyo wanayoifahamu.

Foleni ya Jumamosi imeshamshinda mtu mmoja. Natafuta fundi wa pili, mwenye subira ya kufumua nguo ya mwingine bila kuichana, na nataka awe ameshasaini mkataba kabla ya Januari, maana shule zikikaribia kufunguliwa kina mama wataanza kuleta sketi na suruali za watoto zishushwe pindo.